Risiva Ilipojizima Katikati ya Filamu

Fundi aliyeitwa kwenye nyumba moja jijini Dar es Salaam hakuanza na waya. Aliweka kiganja juu ya risiva ya hom thieta (si ile ya dishi, ambayo nayo watu huiita hivyohivyo), akakiondoa haraka. Matundu ya hewa yalikuwa yamekaliwa na king'amuzi, na king'amuzi kimevishwa kitambaa cha kufuma. Pembeni, kompyuta ilipuliza joto lake ndani ya kabati hilohilo lenye mlango wa kioo.

Wenye nyumba waliishuku kompyuta, kwa kuwa risiva ilianza kujizima tangu ilipounganishwa nayo. Hawakuwa mbali na ukweli.

Awali sauti ilitoka kwenye tundu la hedifoni la kompyuta kwa waya wenye pini nyekundu na nyeupe, yaani chaneli 2 tu. Waya wa optiki hupitisha chaneli 5.1, lakini zikiwa zimebanwa kwa mfumo kama Dolby Digital au DTS. HDMI, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2002, hubeba hadi chaneli 8 bila kuzibana. Basi waya ukatoka kwenye kadi ya picha hadi kwenye risiva, na mwingine kutoka risiva hadi kwenye TV. Spika za nyuma zikabaki kimya. Hapa ndipo wengi hununua waya mpya bure: kazi ilikuwa kuichagua risiva kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, kisha kuieleza kompyuta kwamba spika ni za 5.1.

Joto lilikuwa na mambo zaidi. Risiva nyingi hutumia amplifaya ya daraja AB, ambayo transista zake hupitisha umeme kidogo hata pasipo sauti, ili wimbi lisikwaruze linapovuka sifuri. Ndiyo maana chombo huchemka hata kikiwa kimepunguzwa sauti. Umeme usiogeuka sauti hugeuka joto, na joto hilo linahitaji njia ya kutokea juu.

Nyuma ya risiva fundi akakuta jambo la pili. Mtu alikuwa ameongeza spika kwa kufunga mbili za ohmu 8 kwenye tundu moja, sambamba. Kwa pamoja zilikuwa ohmu 4, ilhali bati la nyuma liliandikwa 6 hadi 16. Ohmu zikishuka nusu kwa volti zilezile, mkondo wa umeme huwa maradufu. Mfumo wa kinga ulikuwa ukizima chombo kabla transista hazijaungua. Kilichoonekana ni ubovu kumbe ni ulinzi.

Spika ya ziada ikafunguliwa, na nyuzi za shaba zilizochomoza zikasokotwa upya zisigusane. King'amuzi kikahamia rafu ya chini, kompyuta ikatolewa nje ya kabati. Ubao wa nyuma wa kabati ulitobolewa karibu na juu, pakafungwa feni ya kompyuta ya milimita 120, uso wake ukielekea ndani ili ivute hewa moto na kuitoa nje badala ya kuizungusha mlemle. Ni feni ya volti 12, lakini ilipewa volti 5 za USB: inazunguka polepole na haisikiki. Fundi aliiwasha na kuizima mara kadhaa kwanza, maana si kila feni ya volti 12 huanza kwa 5.

Kitambaa cha kufuma kikahamia juu ya friji.