King Majuto: mhusika mmoja, vipimo vingi

Amri Athumani, aliyejulikana zaidi kwa jina la King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na akaanza kuigiza jukwaani mwaka 1958, angali mtoto. Alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, tarehe 8 Agosti 2018. Katika miaka hiyo 60 uchekeshaji wa Kiswahili ulitoka jukwaani ukaingia kwenye kanda za video, kisha diski, runinga na matangazo ya biashara, naye akauandama kila ulikokwenda.

Hakuuandama kwa kubadili mhusika. Tangu ajulikane, mhusika wake ni yule yule: mzee wa uswahilini, mkali, mbishi, mwenye tamaa iliyozidi uwezo wake, anayedhani mvi zinatosha kumpa ushindi katika kila ubishi. Kilichobadilika ni kipimo cha mhusika huyo, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Jukwaa ndilo lililotengeneza mwili wake. Katika maonyesho ya vikundi vya sanaa Tanzania, vichekesho viliingizwa katikati ya ngoma, sarakasi na muziki, mbele ya watu ambao hawakuwa wamekuja kusikiliza kwa utulivu. Mchekeshaji aliyetegemea maneno peke yake alimezwa na kelele. Ilibidi hatua ya kwanza tu imtambulishe mhusika, sauti ije baadaye. Shule hiyo Majuto hakuisahau: macho yanatumbuka kabla jibu halijatoka, mwili unageuka nusu kama anayeondoka, halafu sauti inapanda ghafla.

Kanda za VHS zilileta tatizo jipya, kwa kuwa kamera haicheki. Jukwaani kicheko cha watu humwonyesha mwigizaji pa kutua na pa kuendelea. Nyumbani mtazamaji hucheka peke yake na mwigizaji hamsikii. Majuto, anayehesabiwa miongoni mwa wachekeshaji wa kwanza Afrika Mashariki kuuza vichekesho kwa njia hiyo, alilijaza pengo hilo kwa uso. Mwenzake akisema jambo la ajabu, yeye hakimbilii kujibu. Anamkodolea macho, anaonekana kulipima neno, ndipo analipuka, na muda huo mfupi ndio wa mtazamaji kucheka. Mbinu hii ilifaa pia kwa namna filamu za bei nafuu zilivyopigwa: kisa kinakubaliwa kwa muhtasari, mazungumzo yanabuniwa papo hapo, kamera inabaki mbali kidogo. Asiyejua kumsikiliza mwenzake huumbuka upesi katika kazi ya aina hiyo.

Ndiyo maana pia vichekesho vyake vilivuka mipaka bila tafsiri. Bujumbura, katika mitaa kama Buyenzi na Cibitoke ambako Kiswahili hukaa pamoja na Kirundi, mtazamaji aliyepitwa na nusu ya maneno bado hucheka, kwani kisa kimeshasimuliwa na mabega. Maigizo ya Ninde, yanayopendwa Burundi, yamesimama zaidi juu ya utamu wa Kirundi chenyewe, kwa hiyo ni vigumu kuyasafirisha. Si kasoro, ni uchaguzi mwingine wa silaha.

Mfano bora wa ufundi huu ni kazi alizofanya na mchekeshaji kijana Sharo Milionea, yaani Hussein Mkieti. Kijana alikuja na mapozi, nguo za kisasa na maneno ya mjini; mzee alikuja na hasira. Majuto hakushindana naye kuchekesha. Aliigiza kana kwamba jambo lenyewe ni zito kweli, na uzito huo ndio uliofanya mapozi ya kijana yachekeshe. Mkieti alifariki kwa ajali ya gari Muheza, Tanga, tarehe 26 Novemba 2012. Majuto aliendelea na wengine, lakini hakuna aliyemkalia sawasawa kama yule.

Tangazo la biashara lilibana kila kitu. Ndani ya sekunde chache hakuna nafasi ya kumjenga mhusika, ila Majuto hakuhitaji kumjenga: uso ulipotokea, miaka yote ya nyuma ilikuwa imeshafanya kazi hiyo. Kampuni zilikuwa zinanunua muda huo uliokwisha kulimbikizwa. Malipo yake yalikuwa suala jingine. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, mikataba yake ya matangazo ilizua mjadala hadi kwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Harrison Mwakyembe, aliyeunda kamati ya kuipitia.