Kuonyesha si Kuthibitisha: Somo la Ushahidi kwa Waandishi wa Programu

Toleo la pili la programu ya Ushahidi liliweka kila ripoti kwenye jedwali moja la hifadhidata, na katika jedwali hilo mlikuwa na safu mbili ambazo mtu anayepitia msimbo kwa haraka huenda asizitilie maanani. Ya kwanza ilieleza kama ripoti ionekane kwenye ramani au ibaki imefichwa. Ya pili ilieleza kama ripoti imethibitishwa au bado. Kila safu ilibeba sifuri au moja, basi. Msimamizi aliweza kuiwasha ya kwanza na kuiacha ya pili ikiwa imezimwa, na msomaji wa ramani akaiona ripoti pamoja na alama kwamba haijathibitishwa.

Naamini swichi hizo mbili ni miongoni mwa maamuzi bora ya kiufundi yaliyowahi kufanywa na Wakenya, na jamii zetu za waandishi wa programu, kuanzia wanaofanyia kazi kwenye vyumba vya kupanga hapa Lavington hadi walio kwenye kumbi za ubunifu za Ngong Road, hazijaichukua hekima yake. Zinajadili vipengele vipya na nidhamu ya wanachama kwa kitufe kimoja tu: kubali au futa.

Tuanze na ilivyotokea. Kenya ilipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Habari zikabaki kwenye simu za watu na kwenye blogu chache. Ory Okolloh, wakili aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit, aliuliza mwanzoni mwa Januari 2008 kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha palipotokea ghasia. David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich walikuwa miongoni mwa walioitika. Kwa siku chache tu tovuti ya Ushahidi ikawa hewani, na mtu yeyote aliweza kutuma taarifa kwa wavuti au kwa arafa.

Sehemu ya kisa hiki inayosahaulika ni kwamba Kobia alikuwa na mradi mwingine mkononi. Aliendesha Mashada, baraza kubwa la Wakenya mtandaoni. Baada ya uchaguzi baraza lile lilifurika matusi na uchochezi wa kikabila, wasimamizi wakalemewa, na mwishoni mwa Januari 2008 akalifunga. Wageni wake aliwaelekeza kwenye ukurasa mpya alioupa jina la I Have No Tribe, ambapo watu waliandika kuhusu Ukenya wao. Mashada yenyewe ilirudi hewani mwezi uliofuata.

Hebu tuitazame hali hiyo kwa jicho la fundi. Mtu mmoja, mwezi mmoja, nchi moja, miundo miwili. Kwenye Mashada ujumbe ulitokea kwanza, kisha msimamizi akaufuata nyuma. Kila dakika aliyolala, aliyekula au aliyekuwa kazini kwake, jumbe zilimtangulia. Kwenye Ushahidi ujumbe ulisubiri. Msimamizi hakuwa akikimbizana na mtu. Alikuwa na foleni mbele yake. Tofauti hiyo ya mpangilio, nani atangulie kati ya mwandishi na msimamizi, inaamua mambo mengi kuliko kanuni ndefu za maadili zinazobandikwa juu ya makundi yetu na kusomwa na wachache.

Lakini foleni ina gharama yake. Wakati nyumba zinachomwa, taarifa inayosubiri saa sita ili ithibitishwe haimsaidii anayetaka kujua kama apite njia ile au asipite. Hapo ndipo swichi ya pili inapoonyesha thamani yake. Inamruhusu msimamizi kusema: hii isomwe sasa, ila mimi siidhamini bado.

Chukua mfano wa kufikirika kutoka mtaa wangu. Lavington na Kawangware zimepakana. Ukitoka James Gichuru Road ukaelekea magharibi hutembei sana kabla hujafika. Kawangware ni miongoni mwa sehemu za Nairobi zilizoguswa na ghasia za 2008. Tuseme inaingia arafa: "Congo kumeanza, msipite." Msimamizi aliye ng'ambo, au hata aliye Westlands, anasoma Congo na akili yake inaruka hadi Kinshasa. Mkaazi wa huku anajua kwamba Congo ni sehemu ya Kawangware, kama anavyojua kuwa 46 na 56 ni namba za matatu na pia ni majina ya steji. Arafa hiyo fupi inadai kazi nne zilizo tofauti: kuielewa lugha yake, kupata mahali pake kwenye ramani, kuipa aina, na kuamua kama ni kweli. Tatu za kwanza zinaweza kufanywa na yeyote anayeujua mtaa, ndani ya dakika mbili. Ya nne inahitaji shahidi wa pili, picha, au simu kwa mtu aliyeko. Ukizifunga zote nne kwenye kitufe kimoja, zile tatu nyepesi zitachelewa kwa sababu ya moja nzito.

Haya yalijidhihirisha Haiti baada ya tetemeko la tarehe 12 Januari 2010. Ramani ya Ushahidi iliendeshwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani, na arafa zilizotumwa kwa namba 4636 zilitafsiriwa kutoka Krioli na Wahaiti waliotawanyika ughaibuni. Watafsiri hawakuombwa wathibitishe chochote. Waliombwa watafsiri na waseme mahali ni wapi. Kazi iligawanyika kwa kuwa programu iliruhusu igawanyike.

Sasa niseme pale ambapo muundo wenyewe ulijichimbia shimo. Toleo lile la pili la Ushahidi liliweka pia ngazi tano za kuwapima watumaji: kutoka wale ambao jumbe zao zilihesabiwa kuwa taka za kufutwa, hadi ngazi ya juu kabisa iliyounganisha kuaminiwa na kuthibitishwa kwa pamoja. Naelewa kwa nini. Foleni ikirefuka, msimamizi hutamani njia ya mkato kwa watu anaowajua. Ila kwa ngazi ile ya mwisho hukumu ilihama kutoka kwenye ripoti ikaenda kwa mtu. Swichi zilizotenganishwa kwa uangalifu zikaunganishwa tena kupitia mlango wa nyuma.

Waandishi wa programu wanapaswa kulijali jambo hili kuliko watu wengine wote. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuwa kuingia kwenye seva zake za majaribio kwa SSH kunachelewa takriban nusu sekunde. Alipochimba alikuta mlango wa siri ndani ya XZ Utils, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, programu ya kubana mafaili iliyo karibu kila mahali Linux inapotumika. Aliyeuingiza alijiita Jia Tan. Alikuwa amechangia viraka vya kawaida kwa zaidi ya miaka miwili, akamsaidia msimamizi wa kujitolea aliyekuwa amechoka na karibu peke yake, hadi akapewa haki za kutoa matoleo. Jamii ilikuwa imemthibitisha mtu. Kazi yake ya mwisho haikuthibitishwa na yeyote mpaka Freund alipoushangaa ule ucheleweshaji.

Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu iliyozinduliwa mwaka 2008 kama Ushahidi, ilichagua njia ya kumpima mtu tangu siku ya kwanza. Ukipata pointi 15 unaweza kupiga kura ya kuunga mkono, ukifika 125 ya kupinga, ukifika 2,000 unahariri maandishi ya wengine moja kwa moja, na kwa 3,000 unashiriki kufunga maswali. Mfumo ule umejenga maktaba kubwa isiyo na mfano, na sioni haya kusema umenifaa. Lakini uliwafanya wageni wahisi wanahukumiwa, na ulipokutana na majibu yaliyoandikwa na mashine ukayumba. Desemba 2022 wasimamizi walipiga marufuku majibu ya ChatGPT. Juni 2023 wengi wao wakagoma, kwa sababu kampuni iliwazuia kufuta majibu waliyoyashuku kuwa ya mashine. Pointi za mwandishi hazikuweza kusema kama jibu lililo mbele yako limewahi kuendeshwa kwenye kompyuta na likafanya kazi.

Nairobi ilijaribu ngazi za uanachama pia, kwa namna ninayoiona ya kistaarabu zaidi. iHub, ukumbi wa ubunifu, ilipofunguliwa Machi 2010 kwenye ghorofa ya nne ya Bishop Magua Centre, ilikuwa na uanachama mweupe uliokuwa wazi kwa yeyote mtandaoni, wa kijani kwa waliochaguliwa kutumia ukumbi bila malipo, na mwekundu kwa waliolipia meza. Rangi hizo ziligawa nafasi na viti. Hazikudai kwamba msimbo wa mwanachama wa kijani ni sahihi kuliko wa mweupe.

Kwa hiyo napendekeza nini kwa makundi yetu ya leo, ambayo mengi yanaishi kwenye WhatsApp, Telegram na Discord?

Kwanza kabisa, kila pendekezo la kipengele kipya lipewe hali tatu zinazojitegemea: limeonekana, limejaribiwa, limekubaliwa. Mgeni akileta wazo, liwekwe hadharani siku hiyohiyo likiwa na alama kwamba halijajaribiwa. Kujaribu kuwe kazi ya mwanachama yeyote, aandike alitumia simu gani, mtandao gani, na nini kilivunjika. Kukubali kubaki kwa wasimamizi. Wanaojenga kiini cha Linux wamezoea utengano wa aina hii: aliyeandika kiraka, aliyekikagua na aliyekijaribu kila mmoja huacha jina lake kwenye mstari wake. Kwa mpangilio huo kijana wa mwaka wa kwanza mwenye simu ya bei rahisi anakuwa na mchango halisi, kwani simu yake ndiyo itakayofichua kasoro ambazo kompyuta mpya ya msimamizi haiwezi kuziona.

Pili, sababu iandikwe. WhatsApp inamruhusu msimamizi wa kundi kufuta ujumbe wa mwanachama, na kinachobaki ni taarifa kuwa msimamizi fulani ameufuta. Sababu haipo. Kundi likae na waraka mmoja ulio wazi kwa wote, mstari mmoja kwa kila kilichofutwa au kukataliwa: tarehe, aliyeamua, sababu. Mwanachama anaweza kubishana na sababu; na kimya hawezi kubishana nacho, atanuna na kuondoka.

Lugha nayo inataka macho ya watu. Kuanzia Septemba 2012, kuelekea uchaguzi wa Machi 2013, mradi wa Umati wa kitengo cha utafiti cha iHub ulifuatilia kauli hatari mtandaoni, na kazi hiyo ilifanywa na watu waliosoma Kiswahili, Sheng na lugha za kwetu, si na orodha ya maneno iliyopewa mashine. Waligundua pia kwamba Twitter ilikuwa na kauli za aina hiyo kwa uchache sana ukilinganisha na Facebook, kwa kuwa watumiaji wake walikuwa wakikemeana wenyewe hadharani. Kundi la waandishi wa programu linaloandika kwa Sheng na kuipa mashine kazi ya kuchuja litafukuza watu wasio na hatia na kuwaacha wenye matusi ya mafumbo.

La mwisho ni uchovu, nalo nalipa uzito kuliko yote. Mashada ilifungwa wasimamizi walipolemewa. XZ iliingiliwa kupitia msimamizi aliyechoka. Zamu ya usimamizi iwe na mwanzo na mwisho, wiki mbili kwa mfano, na anayeingia akabidhiwe foleni kwa maandishi. Angela Oduor Lungati, mmoja wa waanzilishi wa shirika la AkiraChix, alipitia kazi ya jamii ya watumiaji ndani ya Ushahidi kabla ya kuwa mkurugenzi mtendaji wake mwaka 2019. Ushahidi iliiona kazi ya kuwasikiliza watumiaji kuwa kazi ya kumwandaa kiongozi. Kwenye makundi mengi ya hapa kazi hiyo huangukia yule aliyekosa kukataa kwa haraka.

Msimbo wa Ushahidi uko wazi kwenye GitHub, na yeyote anaweza kuufungua leo. Wewe unayesimamia kundi, nakuomba uusome, kisha uyarudie mapendekezo matano ya mwisho uliyoyakataa na uwaandikie wenyewe: lipi halikujaribiwa, lipi lilijaribiwa likashindwa, na lipi ulilikataa kwa sababu tu ulikuwa umechoka.