Onyesho Lililofichwa: Sehemu ya Kazi au Kiraka?

Fanani wa ngano hufunga hadithi kwa fomula ya kumalizia, na hadhira hujua kwamba imeruhusiwa kuondoka. Katika filamu, kazi hiyo hufanywa na orodha ya majina ya waigizaji na mafundi. Hata hivyo, zipo filamu zinazoendelea kusimulia baada ya orodha hiyo. Je, onyesho la namna hii ni sehemu ya msuko au ni kiraka tu? Makala haya yanashikilia kwamba jibu halitegemei mahali onyesho lilipowekwa, bali kazi linayoifanya.

Tuanze na Young Sherlock Holmes (1985), iliyoongozwa na Barry Levinson. Mwalimu Rathe, hasimu wa kijana Holmes, anazama katika mto Thames ulioganda, na mtazamaji anaamini kwamba amekufa. Baada ya majina kupita, Rathe anaonekana akiingia katika nyumba ya wageni na kujiandikisha kwa jina la Moriarty. Jina hilo moja linaugeuza ushindi wa Holmes kuwa kinaya, kwani Moriarty ndiye adui wake mkuu katika hadithi za Arthur Conan Doyle. Aliyeondoka mapema ameona filamu nyingine kabisa.

Mfano wa pili ni Adventure, mchezo wa video wa Atari uliotolewa mwaka 1980. Mchezaji anayegundua kitone kidogo chenye rangi ya kijivu na kukibeba hadi mahali panapofaa huingia katika chumba cha siri, akakuta jina la mtunzi, Warren Robinett. Wakati huo Atari haikuwataja watunzi wa michezo yake. Chumba hicho hakibadilishi msuko hata kidogo. Hata hivyo, kina uzito: ni sahihi ya mtunzi aliyenyimwa jina. Watunzi wengi wa tenzi nao walijitaja katika beti za mwisho, ila wao hawakuhitaji kujificha.

Iron Man (2008) ni tofauti. Filamu inafikia kilele Tony Stark anapokiri hadharani kwamba yeye ndiye shujaa huyo. Baada ya majina, Nick Fury anamdokezea habari za kundi la mashujaa, dokezo lililotimizwa katika The Avengers (2012). Huenda msomaji akadai kwamba mfululizo mzima ni kazi moja. Hoja hiyo ina mashiko, lakini ukiliondoa onyesho hilo, ungamo la Stark linabaki kamili. Kinachopotea ni hamu ya kununua tikiti nyingine.

Basi mwanafunzi apewe kipimo hiki: liondoe onyesho, kisha uulize kilichopotea. Ikipotea maana, hilo ni sehemu ya msuko. Akipotea mtunzi, ni sahihi. Ikipotea hamu tu, ni tangazo. Kipimo hicho hicho kitamfaa anapohakiki sura ya mwisho ya riwaya ambayo wengi huirukia.