Chumba cha Kusukia Gugumaji Kilivyopangwa

Dada yangu mkubwa alipoamua kugeuza chumba cha nyuma cha nyumba yake ya Dunga, Kisumu, kiwe cha ususi, majirani walimshauri atafute kwanza meza na rafu. Yeye alianza na dirisha. Nimekaa humo Jumamosi nyingi, na naamini dirisha hilo ndilo lililokifanya chumba kifae.

Sababu ni malighafi yenyewe. Gugumaji, mmea wa Amerika Kusini ulioonekana upande wetu wa Ziwa Victoria karibu mwaka 1990, zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Gunia zima la mabua mabichi likikauka hubaki furushi la kubeba kwa mkono mmoja. Maji yasipotoka yote, kuvu huingia, na kikapu kikishaingia kuvu huwezi kumuuzia mtu.

Hapo ndipo upepo unapohitajika. Mchana nchi kavu ikipata joto, upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku hugeuka, ukatoka bara kwenda majini. Dada alitoboa dirisha upande wa ziwa na jingine kwenye ukuta unaolikabili, hivyo hewa hupita saa zote. Mabua huanikwa kwanza juani, juu ya chanja, kwa wiki moja au mbili hadi yawe ya kahawia. Alasiri mawingu yakijikusanya upande wa milima ya Nandi, huingizwa ndani na kutundikwa kwenye kamba zilizofungwa chini ya dari.

Kamba hizo ndizo ghala pia. Gugumaji huelea na kusukumwa na upepo: wiki hii limeziba ufuo, wiki ijayo huoni hata jani. Asiye na akiba kavu husimama kazi. Na si kila bua linafaa. Mimea iliyosongamana katikati ya zulia la gugumaji hutoa mabua marefu na membamba. Ile ya pembeni, yenye nafasi, huwa na mabua mafupi yaliyovimba, ambayo hayasukiki. Dada hununua kwa wavuvi wenye mashua. Haingii majini kukata mwenyewe, maana kichocho kipo ufuoni huku, na ningemsihi kila msusi naye asiingie.

Jambo la pili alilolipanga vizuri ni kutenganisha kazi mbili. Kusuka kamba ni kazi ya vidole: bua hulowanishwa kidogo kwa kitambaa, hubapishwa, kisha matatu matatu husukwa huku macho yakiwa huru. Kuizungusha kamba kwenye fremu ya waya kunataka kuhesabu, na anayehesabu hapendi kusemeshwa. Kwa hiyo meza ya fremu iko ndani, penye mwanga, na vigoda vya kusukia viko barazani vikitazama Ghuba ya Winam. Marafiki huja likizo za Agosti na Desemba, na Jumamosi nyingine wakipata nafasi. Sufuria ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, huwa jikoni, chai haikauki, na mazungumzo huenda hadi jua linapozama, kabla tu ya saa moja jioni. Anayejua kusuka nywele hujifunza kamba hii upesi. Saa hizo za mazungumzo ndizo ninazozipenda kuliko zote. Taa ikiwashwa, wadudu wadogo wa ziwani huja kwa makundi, ndiyo maana mlango una wavu.

Lakini tusidanganyane kwamba vikapu vitalisafisha ziwa. Mwaka 1998 gugumaji lilifunika zaidi ya hekta 17,000 upande wa Kenya. Lilipopungua baadaye, sifa zilikwenda kwa fukusi wanaolila, walioachiliwa kuanzia 1997, na kwa misukosuko ya hali ya hewa ya El Niño. Msusi huchota kiasi kidogo sana. Faida yake ni ya nyumbani: kipato, ujuzi na wenzako karibu.

Ukitaka kuanza, kituo cha Kisumu Innovation Centre-Kenya, KICK, ni miongoni mwa waliofundisha ususi huu mjini. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu. Anika mabua ya kutosha wakati huo, kabla mvua za Machi hazijafika, ndipo uwaite marafiki.