Lenzi Hupimwa kwa Milima ya Kongo

Fundi wa kweli wa lenzi hakimbilii bisibisi. Mzee mmoja wa Katubuka, hapa Kigoma, akipokea lenzi ya mtumba, kwanza huisogeza sikioni akaitikisa taratibu, asikie kama kuna skrubu iliyolegea. Kisha huizungusha pete ya kulengea mwanzo hadi mwisho, macho kayafumba, maana vidole ndivyo vinavyojua palipokauka grisi na palipoingia mchanga. Halafu huimulika kwa tochi kutoka nyuma, na hapo kuvu hujitokeza: nyuzinyuzi zilizotambaa juu ya kioo, maradhi ya lenzi zinazofungiwa kabatini katika unyevu wa ziwa letu.

Vibati vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga huvikagua kwa shaka zaidi. Vikilowa mafuta hunata. Vikichelewa kujifunga, picha huungua kwa mwanga. Asiyejua angeongeza mafuta. Yeye huyafuta yote, kwani vibati hivyo hufanya kazi vikiwa vikavu.

Lakini ninachokienzi zaidi ni kipimo chake cha mwisho. Hesi za pete ya kulengea zina njia nyingi za kuingilia. Ukizitenganisha ili kubadili grisi, kisha ukazirudishia njia isiyo yake, lenzi itazunguka vizuri na kupendeza mkononi, ila haitaona sawasawa vitu vya mbali. Kwa hiyo huchora alama ndogo pale hesi zinapoachana. Akimaliza kuunga, huifunga kwenye kamera na kusubiri siku ambayo mvua imeosha vumbi hewani, ndipo ashuke nayo ufukweni Kibirizi. Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo huwa imejitokeza. Huzungusha pete hadi kwenye nane iliyolala, alama ya umbali usio na mwisho. Mgongo wa milima ukikatika vizuri machoni, lenzi imepona. Ukififia, hurudi kuifungua upya, hata kama mwenyewe anaitaka kwa picha za pasipoti tu na asingegundua kasoro maishani.

Sisi wa Kigoma tulipaswa kuuelewa moyo huo. Julai 1916, Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Goetzen, wahandisi wake walizipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Watu waliokuwa wakishindwa vita hawakukubali kuiua mashine.

Leo tunaziua bila vita. Kijana huja: "Shikamoo mzee. Hii si imekufa?" Anaonyeshwa kwamba ni grisi tu iliyoganda, lakini hana subira ya kungoja, anataka kuiuza apate pesa ya simu. Na simu ikivunjika jicho, hubanduliwa kipande kizima kikatupwa, wala hakuna anayeuliza kilichoharibika ndani.

Mzee hana mwanafunzi. Siku akiweka chini bisibisi zake, lenzi itakayokwama hapa italazimika kutafuta fundi mbali, pengine Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, au itupwe. Kwa tulivyojizoesha, wengi wetu tutaitupa, na tutaamini kwamba hatukupoteza kitu.