Kipupwe cha Unyanyembe na Sikio la Fundi

Fundi wa magari anayestahili sifa mjini Tabora ni yule anayetaka kuiona injini kabla haijapata joto. Misafara ya karne ya 19 iliyopanda kutoka Bagamoyo ilipumzika hapa Unyanyembe, ikabadilisha wapagazi, kisha ikagawanyika, mingine ikishika njia ya Ujiji na mingine ya Karagwe. Kawaida yake ilikuwa kuondoka alfajiri, jua likiwa bado pole. Reli ilifika mwaka 1912, lakini alfajiri haikupoteza hadhi yake: magari ya Urambo, Kaliua na Sikonge bado huwashwa gizani. Kwa hiyo gari linaloamka vibaya hapa lina kasoro pale pale linapohitajika zaidi.

Atatokea wa kusema kwamba Tabora haina baridi ya kuisumbua injini. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 15, na injini nzima haitishwi na hilo. Isitoshe, hewa ya baridi ni nzito: kati ya nyuzi 30 na 15 uzito wake huongezeka kwa takribani asilimia 5, kwa hiyo asubuhi injini inapata hewa nyingi kuliko mchana. Wengine husingizia mwinuko. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na gari lisilo na tabo likitoka Dar es Salaam litapungukiwa nguvu kweli. Lakini mwinuko haulali usiku ukaamka mchana. Gari linalokohoa saa 12 asubuhi na kuvuta vizuri saa 6 mchana halidai hewa. Lina ugonjwa ambao joto huuficha, na kipupwe kimeufichua tu.

Hapo ndipo ufundi unapoanza, na unaanza kwa kutazama moshi. Injini ya dizeli kama ile ya 1HZ ya Land Cruiser ina hita plagi 6, moja kwa kila silinda. Zikifa mbili, mafuta ya silinda hizo hayaungui vizuri, bomba linatoa moshi mweupe unaowasha macho, injini inatetemeka, kisha baada ya dakika chache inatulia kana kwamba haikuwa na neno. Fundi asiye na subira atabadilisha nozeli, halafu pampu, na mwenye gari atalipia vyote. Fundi hodari hufungua bamba linaloziunganisha plagi hizo, akapima moja moja, akapata wafu wake kwa muda mfupi. Kama zote ni nzima na moshi haukomi, anapima kompresheni. Kwenye petroli mshitakiwa wangu wa kwanza ni themostati, au kukosekana kwake. Kuing'oa kwa madai kwamba nchi yetu ni ya joto ni desturi mbaya, nami naipinga bila kumung'unya maneno. Kazi yake ni kuyazuia maji yasikimbilie rejeta hadi yafike nyuzi 80 na kitu. Ikiondolewa, injini hukawia kupata moto, kompyuta huendelea kuongeza petroli, plagi huwa nyeusi, na petroli isiyoungua huteremka ikachanganyika na oili. Kilichong'olewa ili kuilinda injini kinaila taratibu.

Je, mashine ya kusoma kompyuta ya gari haijamaliza kazi hii yote? Inasaidia sana, na fundi anayeikataa anajinyima. Lakini mashine husema ilichoambiwa na sensa. Sensa ya joto la maji ikidanganya kwamba injini ina moto, kompyuta itaipa mafuta kiduchu, na huenda taa ya hitilafu isiwake kabisa. Uongo huo hunaswa kirahisi: gari lililolala nje usiku kucha, kabla halijawashwa, lazima joto la maji yake lilingane na la hewa. Mashine ikionyesha nyuzi 70 huku mkono unagusa chuma baridi, mkono ndio unaosema kweli. Mchana, injini ikiwa imeshapata moto, kipimo hicho hakiwezekani. Basi wewe mwenye gari, usilipeleke gereji saa 5 likiwa limeshazunguka mjini, ukataka jibu papo hapo. Liache hapo jioni, na umruhusu fundi aliwashe mwenyewe alfajiri.