Kosa na Hitilafu: Maandishi ya Fizikia ya Nyuklia Yakisomwa Siakago

Maandishi ya utafiti kuhusu nishati ya nyuklia na fizikia ya chembe ni mengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuyasoma maishani mwake. Mwaka 1970 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo Kenya ilijiunga nalo mwaka 1965, lilianzisha hazina iitwayo INIS ili kuyakusanya. Mwaka 2014 mpango wa SCOAP3, unaoratibiwa na kituo cha CERN huko Geneva, ulianza kuyalipia majarida ya fizikia ya chembe ili yasomwe bure. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia aliyeko Siakago, katika nchi kavu ya Mbeere chini ya mji wa Embu, aweza leo kusoma makala yale yale yanayosomwa Geneva kwenyewe. Mlango wa fedha umefunguliwa. Linalobaki kwa mhakiki ni kuuliza: msomaji huyo akishaingia, anakuta lugha ya namna gani, na lugha hiyo inamhesabu vipi yeye?

Na tuanze na makala mashuhuri ya mwaka 2015, yaliyochapishwa katika jarida la Physical Review Letters na makundi mawili ya CERN, ATLAS na CMS, kuhusu uzito wa chembe ya Higgs. Makala hayo yana kurasa 33 na waandishi 5,154. Kurasa 9 tu ndizo zenye utafiti. 24 zilizobaki ni majina ya watu na vyuo vyao. Msomaji wa Mbeere hana haja ya kuelezwa utanzu huu: ni orodha ya wachangaji katika harambee, ambapo hata aliyetoa shilingi kumi hutajwa kwa jina, na ole wake msomaji wa orodha amsahau mmoja.

Lakini ubora wa makala hayo haumo katika majina. Umo katika namba moja. Uzito wa chembe hiyo umetajwa kuwa GeV 125.09, na papo hapo pametajwa hitilafu yake, 0.24. Tena hitilafu hiyo imegawanywa mafungu mawili: fungu moja, 0.21, latokana na uchache wa matukio yaliyohesabiwa. La pili, 0.11, latokana na vyombo na njia za kupimia. Hapa pana adabu ya uandishi ambayo taaluma nyingine zingeweza kuionea wivu. Mwandishi hasemi analolijua bila kusema pia mpaka wa kulijua kwake, wala hachanganyi upungufu wa bahati na upungufu wa chombo chake.

Kiingereza hutumia neno moja kwa jambo hili na kwa makosa ya kila siku. Kiswahili kina maneno mawili, na tofauti yake si ndogo. Hitilafu haina mwenyewe. Hutokea baina ya kipimo na kitu kinachopimwa. Kosa lina mkosaji. Mfasiri anayeandika "kosa la kipimo" mahali pa hitilafu anamtia hatiani mtu asiyekuwapo. Anayefanya kinyume chake, akaliita kosa hitilafu, anamtoa mkosaji mlangoni kimya kimya. Kosa la kwanza ni la kamusi. La pili ni zito zaidi, nalo limeenea katika tawi jingine la maandishi haya haya ya nishati, yaani lile linalohusu mahali mitambo itakapojengwa.

Watu wa Mbeere wanalijua tawi hilo kwa ardhi yao. Juu ya mto Tana yalijengwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Kuhusu Kiambere upo utafiti wa Mburugu, ambao Michael Cernea wa Benki ya Dunia aliunukuu mara nyingi katika kazi zake juu ya watu waliohamishwa. Shamba la wastani la familia lilipungua kutoka hekta 13 hadi 6. Mifugo ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Mapato ya familia yalishuka kutoka shilingi 10,968 hadi 1,976, yaani hasara ya asilimia 82.

Namba hizi hazina budi kusifiwa, kwa kuwa mtu alikwenda akazipima. Hata hivyo zimekuja baada ya maji kujaa. Mpango wa mradi hutangulia ukiwa na makadirio ya watu yasiyotajiwa hitilafu, ilhali megawati zake zimepigiwa hesabu mara kadhaa. Mtafiti wa jamii hufuata nyuma akikusanya tofauti. Ikiwa uzito wa chembe isiyoonekana waweza kutolewa pamoja na mpaka wake wa shaka, kwa nini mapato ya mkulima aliyeko hai, anayeulizika, hutabiriwa bila mpaka wowote? Hasara ya asilimia 82 haiitwi hitilafu katika Kiswahili cha mtu yeyote.

Hoja hii si ya kale. Kenya imekusudia kujenga kituo cha umeme wa nyuklia cha megawati 1,000, na mwaka 2024 wakazi wa Uyombo katika kaunti ya Kilifi waliandamana kuupinga mpango wa kukijenga kwao. Maandishi ya mipango ya namna hii yana sarufi yake: wakazi watahamishwa, elimu itatolewa, wasiwasi utashughulikiwa. Katika Kiingereza sentensi kama hizo hupita bila kelele. Zikitafsiriwa kwa uaminifu, kauli ya kutendwa ya Kiswahili huacha nafasi mwishoni, na msikilizaji barazani huijaza mwenyewe: na nani? Mfasiri mzuri hapaswi kuiziba nafasi hiyo.

Haki yataka isemwe pia kwamba Kiswahili chenyewe kina deni. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotoka mwaka 1990, ilijaribu kusanifisha istilahi, lakini redioni na barazani neno ni moja tu, mionzi: ya jua, ya hospitali, ya simu, ya nyuklia. Haitenganishwi mionzi inayosafiri na tabia ya mata inayoitoa, yaani unururifu. Kwa hiyo mwananchi anayeuliza kama mtu aliyepigwa picha ya kifua ataambukiza wengine mionzi haulizi upuuzi. Anafuata neno alilopewa.

Mfano mbaya zaidi ni ule muda ambao nusu ya mata nururifu hugeuka kuwa kitu kingine. Ukifasiriwa neno kwa neno kuwa "nusu ya uhai", msikilizaji hufanya hesabu ya kawaida: nusu mbili ni uhai mzima, basi baada ya muda huo mara mbili kitu kimekufa. Sivyo. Sizi-137, mojawapo ya mabaki ya mtambo wa nyuklia, ina muda wa miaka 30 hivi. Kama ni gunia la ndengu, baada ya miaka 30 limebaki nusu, baada ya 60 robo, baada ya 90 thumni, na mjukuu wa aliyelifunga bado anakuta ndengu chini ya gunia. Mkalimani anayesimama mbele ya wazee na kuwaambia kwamba baada ya miaka 60 mambo yamekwisha amewapunguzia robo nzima, na hakuna jedwali litakaloonyesha kwamba ilipotea kinywani mwake.